Punda, ndoo na timazi: mwongozo kamili wa kani kwenye mwendo usiobadilika

Mkokoteni wa maji unakwenda kwenye barabara tambarare iliyonyooka, kwa kasi ileile. Punda anauvuta kwa kani ya nyutoni 200. Je, kani tokeo kwenye mkokoteni, yaani jumla ya kani zote zinazouvuta na kuusukuma, ni nyutoni ngapi?

Jibu ni sifuri. Swali hili nimewapa wanafunzi wangu wa masomo ya jioni hapa Dodoma kwa miaka mingi, na wengi huandika 200. Wachache wanaokumbuka msuguano huandika 10 au 20, wakidai kwamba lazima punda azidi japo kidogo, la sivyo mzigo usingesogea. Hawa si wavivu. Wamewaona punda wakivuta madumu tangu wakiwa watoto, na wanajua kwamba punda akisimama, mkokoteni nao unasimama. Walichokiona ni kweli. Hitimisho ndilo linalokwenda kombo.

Kukariri hakujawasaidia. Wanakariri kwamba mwendo usiobadilika maana yake kani tokeo ni sifuri, lakini mtihani ukimwondoa punda na kuleta lifti au ndege, wanarudi kulekule. Tena swali lenyewe linakuja kwa Kiingereza, basi mtu anapambana na lugha na kani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hapa tutaanza na mikono, tuje kwenye mishale, ndipo tufike kwenye hesabu. Tenga saa mbili za nyumbani na safari moja ya basi au treni.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujaanza, maana ukikatisha jaribio katikati kutafuta uzi, utapoteza vipimo vyako.

- Mizani ya kuning'iniza yenye sindano, kama ile ya wauza samaki, isiyozidi kilo 10. Mizani ya kilo 100 ya magunia haitakuonyesha kitu. Ya dijitali nayo iache, kwa sababu namba zake zinarukaruka au zinaganda.
- Kipande cha ubao laini cha ukubwa wa daftari, kilichopigwa msumari mmoja mbele.
- Pakiti ya unga ya kilo 2.
- Meza ndefu, angalau mita moja, iliyofutwa vumbi.
- Ndoo ndogo na lita 5 za maji.
- Uzi imara, nati moja ya chuma, rula na chaki.
- Simu inayorekodi video.
- Mtu wa kukusaidia kuhesabu.

Ukikosa mizani, kata utepe wa tyubu ya baiskeli kama wa manati, ufunge kwenye msumari, na pima kwa rula unavyorefuka. Hautakupa nyutoni, lakini utakuonyesha kama kani imeongezeka, imepungua au imebaki palepale, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Mizani nyingi zimeandikwa kilo. Kwa hesabu zetu, kilo moja kwenye sindano ni kani ya nyutoni 10. Ukitaka kuihisi nyutoni moja, weka kiganjani pakiti ya majani ya chai ya gramu 100.

## Hatua ya 1: Tenganisha maneno matatu

Kasi ni namba tu: kilometa 80 kwa saa.

Velositi ni kasi pamoja na uelekeo: kilometa 80 kwa saa kwenda mashariki. Uelekeo ukibadilika, velositi imebadilika, hata kama sindano ya dereva haikutikisika.

Kani tokeo ni kani zote zinazokigusa au kukivuta kitu kimoja, zikijumlishwa kwa kuzingatia uelekeo. Si kani ya punda. Si kani ya injini. Ni hesabu ya wote walioshika kitu kile, kama watu wanaovutana kwa kamba: watano kulia na watano kushoto, nguvu sawa, kitambaa cha katikati hakibadilishi mwendo wake ingawa mikono inawaka moto.

Hapo ndipo penye kiini cha somo zima. Sifuri haina maana kwamba hakuna kani. Ina maana kwamba kani zimelingana. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla ya kwenda mezani.

## Hatua ya 2: Vuta ubao

Weka ubao mezani, uweke pakiti ya unga juu yake, kisha funga uzi kutoka kwenye msumari hadi kwenye ndoano ya mizani. Chora mistari ya chaki mezani, kila baada ya sentimita 20.

Onyo la kwanza: mizani hii imetengenezwa kuning'inia, nawe utaivuta ikiwa imelala. Ikilala, uzito wa ndoano hauivuti tena, kwa hiyo sindano inaweza kuhama kidogo. Ilaze kwanza, ndipo uirudishe sifuri.

Mwombe msaidizi ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kila sekunde. Wewe vuta ubao upite mstari mmoja kwa kila hesabu. Usiitazame sindano, hutaweza kufanya yote mawili. Simu iirekodi, kisha uitazame video polepole.

Ubao wangu, na unga juu, ulikuwa na kilo 2.5. Mwanzo wa kuvuta sindano iliruka hadi karibu kilo 1.1, kisha ikashuka ikatulia kwenye 0.8. Yaani takriban nyutoni 8. Wako unaweza kuwa tofauti kulingana na meza na ubao, si kitu. Muhimu ni umbo la tukio: inaruka, inashuka, inatulia.

Kwa nini inaruka? Sababu ni mbili. Msuguano wa kitu kilichotulia huwa mkubwa kuliko wa kitu kinachoteleza, na wakati uleule ulikuwa unautoa ubao kwenye sifuri kuupa mwendo. Ubao ukishapata mwendo wake, ziada hiyo haihitajiki tena.

Sasa rudia, lakini upite mistari miwili kwa kila hesabu. Kasi mara mbili. Kabla ya kuangalia video, andika kwenye karatasi unachotarajia.

Wengi wanaandika kwamba sindano itasoma mara mbili. Video inaonyesha ilipotulia ni palepale, 0.8 au karibu yake, labda ikitetemeka zaidi kwa sababu mkono unatikisika. Msuguano wa ubao juu ya meza kwa kasi hizi ndogo haujali sana unakwenda haraka kiasi gani. Unarudisha nyuma nyutoni 8, wewe unavuta mbele nyutoni 8, na ubao unaendelea na kasi uliyoupa mwanzo.

Bado unaamini kwamba lazima uzidi kidogo? Jaribu kuzidi. Vuta huku ukijitahidi kuishikilia sindano kwenye kilo 1.2 mwanzo hadi mwisho wa meza. Utalazimika kuukimbiza mkono, kwa sababu ubao utaongeza kasi mstari hadi mstari na utafika ukingoni kabla hujajipanga. Msaidizi asimame mwisho wa meza kuudaka, unga usije ukamwagika. Hiyo ndiyo sura ya kani tokeo isiyo sifuri: nyutoni 12 mbele, 8 nyuma, zimebaki 4, na hizo 4 zinaongeza kasi kila sekunde. Haziwezi kukaa tu bila kufanya kazi.

Utajua umefaulu ukiwa na video mbili za kasi tofauti ambazo sindano imetulia sehemu moja, na ya tatu ambayo sindano iko juu na ubao unakimbia.

### Na punda akisimama?

Jioni moja binti wa kidato cha pili alinyoosha mkono akasema, "Lakini Mwalimu, ubao nikiuachia unasimama. Kwa hiyo kani yangu ndiyo iliyokuwa inauendesha."

Nikamwambia, "Mwanangu, ulipouachia uzi, nani alibaki ameushika ubao?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Msuguano."

Ni hivyo. Kabla ya kuachia kulikuwa na kani mbili zilizolingana. Ulipoachia, moja imeondoka na nyingine imebaki peke yake, na sasa kani tokeo si sifuri tena: ni nyutoni 8 kurudi nyuma. Ubao haukusimama kwa kukosa msukumo. Ulisimamishwa. Kazi ya punda barabarani si kuuzalisha mwendo upya kila hatua, ni kuufuta msuguano ili mwendo uliopo usiliwe. Ukilishika hili, sehemu kubwa ya mzigo umeshautua.

## Hatua ya 3: Pandisha ndoo

Tia maji lita 5 kwenye ndoo, uining'inize kwenye mizani, safari hii mizani ikiwa wima na ikiwa imerudishwa sifuri upya. Funga mpini vizuri na usiweke mguu chini ya ndoo.

Isome ikiwa imetulia. Tuseme kilo 5.4, yaani nyutoni 54. Dunia inavuta chini 54, mizani inavuta juu 54.

Sasa ipandishe taratibu kutoka magotini hadi kifuani, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayevuta maji kisimani bila haraka. Halafu ishushe hivyohivyo. Rekodi yote mawili.

Mwanzo wa kupanda sindano inaruka, pengine hadi kilo 6 na zaidi. Katikati, ndoo ikiwa bado inapanda, inarudi 5.4. Unapoisimamisha juu, inaanguka chini ya 5.4 kwa nukta moja kisha inatulia. Wakati wa kushusha mambo yanageuka: mwanzo inapungua, katikati inasoma 5.4, mwishoni inaruka.

Itazame ile katikati. Ndoo iliyotulia: 5.4. Inayopanda kwa mwendo mmoja: 5.4. Inayoshuka kwa mwendo mmoja: 5.4. Mizani haina namna ya kuzitofautisha hali hizi tatu, kwa sababu kwa upande wa kani ni hali moja.

Usipoipata katikati iliyotulia, umevuta haraka mno. Pandisha kwa sekunde tatu hivi badala ya moja. Kosa hili ndilo ninaloliona zaidi: mtu anavuta kwa mshindo, anaona sindano ikipanda na kushuka tu, anaamua kwamba kitabu kimekosea.

Swali la lifti linalowatesa watahiniwa ni ndoo hii hii. Lifti inayopanda kwa kasi isiyobadilika, kamba yake inavuta kwa kani sawa na uzito wake wote. Si zaidi. (Msuguano wa reli zake tumeuweka kando.)

## Hatua ya 4: Safiri na timazi

Fundi mwashi anaijua timazi: uzi wenye kitu kizito mwishoni, unaomwonyesha kama ukuta umesimama wima. Timazi hiyohiyo, ndani ya chombo kinachotembea, inakuambia kama velositi inabadilika.

Funga nati kwenye uzi, upate urefu wa sentimita 30 kutoka kidoleni hadi kwenye nati. Keti, egemeza kiwiko mahali pasipotikisika, na ushike rula chini ya uzi ili usome nati imehama kiasi gani. Fanya hivi ukiwa abiria uliyeketi. Dereva asishike kitu kama hiki, na wewe usisimame kwenye korido ya basi kwa ajili ya fizikia.

Chombo kikiondoka kituoni, nati inabaki nyuma na uzi unalala kuelekea nyuma. Dereva akikanyaga breki kabla ya tuta, nati inakwenda mbele. Sasa subiri kipande kilichonyooka, tambarare, dereva ametulia kwenye kasi moja. Uzi unaning'inia wima kabisa.

Ukipanda treni ya SGR kutoka Dodoma kwenda Morogoro, utalifurahia jaribio hili kuliko kwenye basi, kwa sababu mtikisiko ni mdogo. Weka programu ya kasi inayotumia GPS kwenye simu. Treni hii imejengwa kufikia kilometa 160 kwa saa, na ikiwa imetulia kwenye kasi yake juu ya reli iliyonyooka, uzi unaning'inia kama uliofungwa darini sebuleni kwako. GPS itakatika mkiingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa, na huko milimani kuna kona, kwa hiyo chukua vipimo vyako mapema, kwenye tambarare.

Wakati wa kuondoka, hesabu hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Gawanya umbali nati iliohama kwa kimo chake cha wima kutoka kidoleni, halafu zidisha kwa 10. Nati ikihama sentimita 3 kwenye uzi wa 30, kimo kinabaki karibu 30, kwa hiyo mchapuko, yaani velositi inavyobadilika kila sekunde, ni karibu mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Kani tokeo ni kilo mara mchapuko, kwa hiyo wewe mwenye kilo 60 unasukumwa na kiti kwa kani tokeo ya nyutoni 60. Uzi ukirudi wima, nyutoni hizo 60 zimekwisha, ingawa unakwenda kasi kuliko ulivyokuwa ukienda zilipokuwepo.

Maonyo mawili hapa, na yote mawili yamewahi kunipotezea jioni nzima ya ubishi na wanafunzi.

Kwanza, mlimani. Chombo kikipanda kilima kwa kasi moja, uzi utaonekana umelala ukiulinganisha na sakafu. Haukulala. Sakafu ndiyo iliyoinama, uzi uko wima kwa dunia. Linganisha na ukuta wa nyumba au nguzo ya umeme nje ya dirisha.

Pili, kona. Kwenye kipilefti bajaji inaweza kuzunguka kwa kasi ileile, na nati ikatupwa upande wa nje. Hapo kasi haijabadilika lakini uelekeo unabadilika kila nukta, kwa hiyo velositi inabadilika, na kani tokeo si sifuri. Bajaji na abiria wake wakiwa kilo 600, kasi mita 5 kwa sekunde (kilometa 18 kwa saa), duara la nusu kipenyo cha mita 20: mchapuko ni kasi mara kasi gawanya kwa nusu kipenyo, 5 mara 5 gawanya kwa 20 ni 1.25, zidisha kwa 600 unapata nyutoni 750 kuelekea katikati ya kipilefti. Kani hiyo inatoka kwenye msuguano wa matairi na lami. Barabara ikiwa na mchanga au mafuta, kani hiyo inakosekana na bajaji inakwenda moja kwa moja badala ya kukata kona.

## Hatua ya 5: Chora mishale kabla ya kugusa namba

Chora kitu kimoja tu, kama kiboksi. Usimchore punda, usiichore barabara.

Zunguka kiboksi ukiuliza: nani anakigusa? Kila anayekigusa apate mshale. Kisha ongeza mmoja wa dunia, unaovuta chini bila kugusa. Basi.

Kwa mkokoteni kwenye tambarare mishale ni minne: dunia chini, barabara juu, punda mbele, msuguano nyuma. Wanafunzi wanapenda kuongeza wa tano mbele na kuuita kani ya mwendo. Waulize nani anautoa. Hakuna jina? Futa. Mwendo si kani, na kitu hakibebi kani ndani yake kama dumu linavyobeba maji.

Urefu wa mshale uonyeshe ukubwa wa kani. Velositi ikiwa haibadiliki, mshale wa mbele na wa nyuma lazima viwe na urefu sawa, wa juu na wa chini vivyo hivyo. Ukichora wa mbele mrefu zaidi, umechora mkokoteni unaoongeza kasi.

Jambo dogo linalochanganya: uzito na kani ya barabara kusukuma juu zimelingana, lakini si ile jozi ya kitendo na mjibizo. Hizi mbili ziko kwenye kitu kimoja. Kitendo na mjibizo viko kwenye vitu viwili tofauti: barabara inausukuma mkokoteni juu, mkokoteni unaisukuma barabara chini.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya mkokoteni

Madumu 10 ya lita 20 ni kilo 200. Mkokoteni mtupu tuuweke kilo 100. Jumla kilo 300, uzito nyutoni 3,000. Msuguano wote, magurudumu na ekseli, tuuweke nyutoni 200 na tuchukulie haubadiliki.

Kuanza. Punda anavuta 260. Kani tokeo ni 60 mbele. Gawanya kwa 300: mchapuko ni 0.2. Baada ya sekunde 5 mkokoteni una kasi ya mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea.

Kuendelea. Punda analegeza hadi 200. Kani tokeo sifuri. Kasi inabaki mita 1 kwa sekunde, si inarudi sifuri. Hapa ndipo wengi wanaposhtuka: kani imepungua kutoka 260 hadi 200 na mkokoteni haukupunguza mwendo. Umeacha tu kuongeza.

Kusimama. Punda anaacha kuvuta. Msuguano umebaki peke yake, 200 kurudi nyuma. Gawanya kwa 300: kasi inapungua kwa takriban 0.67 kila sekunde. Mkokoteni unasimama baada ya sekunde moja na nusu, ukiwa umesogea sentimita 75 hivi. Ndiyo maana kwa macho inaonekana kama umesimama palepale, na macho hayo ndiyo yanayotudanganya. Msuguano ungekuwa nyutoni 2, mkokoteni huohuo ungekwenda mita 75 bila punda.

Mwinuko. Barabara inapanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo. Dunia sasa inauvuta mkokoteni kurudi nyuma kwa 3,000 gawanya kwa 20, yaani 150. Ili kasi isibadilike, punda avute 200 na 150, jumla 350. Kani tokeo? Sifuri ileile. Jasho la punda limeongezeka, kani tokeo haikuongezeka.

Mteremko uleule. Dunia inavuta mbele 150, msuguano nyuma 200. Punda anaongeza 50 tu.

Mteremko mkali, mita 1 kwa 10. Dunia inavuta mbele 300, msuguano nyuma 200. Punda na mwenye mkokoteni lazima wauzuie kwa 100 kurudi nyuma. Kitu kinakwenda mbele, kani ya punda iko nyuma, na velositi haibadiliki. Mwanafunzi akiweza kunieleza mstari huu bila kusita, namwambia aende nyumbani akalale.

Lori linaloshuka mlima Sekenke kule Singida kwa gia nzito liko kwenye hali hii. Injini haisukumi, inazuia. Kwenye kila kipande kilichonyooka ambapo kasi haibadiliki, mvuto wa dunia kuelekea bondeni umelingana kabisa na jumla ya injini, breki, msuguano na upepo. Breki zikipata moto zikashindwa, upande mmoja wa mizani umepungua, na tofauti yote inageuka kuwa kasi. Kwa tani 30 kwenye mteremko wa 1 kwa 10, mvuto huo ni nyutoni 30,000. Dereva anayeanza kuteremka akiwa ameshaingiza gia ndogo anaifanya hesabu hii mapema, kabla haijamfanyia yeye.

## Hatua ya 7: Mitego mitatu ya mwisho

Kasi kubwa, mafuta mengi. Basi la kasi 80 linahitaji msukumo mkubwa kuliko la kasi 40, ni kweli, kwa sababu upinzani wa hewa huongezeka haraka: kasi ikizidi mara mbili, wenyewe unazidi takriban mara nne. Lakini injini inaongeza kiasi hichohicho ambacho hewa imeongeza. Tofauti yao inabaki sifuri.

Kitu kilichosimama kwa nukta moja. Rusha chungwa la gramu 200 juu. Likifika kileleni kasi yake ni sifuri. Je, kani tokeo ni sifuri? Hapana. Ni nyutoni 2 kuelekea chini, kama ilivyokuwa njia nzima baada ya kutoka mkononi. Velositi kuwa sifuri ni jambo moja, velositi kutobadilika ni jambo lingine.

Kitu kinachoanguka. Tone kubwa la mvua, la milimita 5 hivi, halifiki chini likiendelea kuongeza kasi. Muda mfupi baada ya kuanza kuanguka, upinzani wa hewa unakua hadi unalingana na uzito wake, na kuanzia hapo linashuka kwa karibu mita 9 kwa sekunde bila kubadilika. Bila hewa, tone lililotoka kilometa moja juu lingetua na mita 140 kwa sekunde. Mvua za Desemba zingetoboa zabibu zetu zote.

## Jipime

Jibu kwa kuchora mishale kwanza. Usisome majibu kabla ya kuchora.

1. Ndege inaruka kwa kimo kimoja, imenyooka, kilometa 800 kwa saa. Injini zinasukuma nyutoni 100,000. Upinzani wa hewa ni kiasi gani?
2. Mwanamke anatembea kwa mwendo mmoja akiwa na ndoo ya nyutoni 200 kichwani. Kichwa kinaisukuma ndoo juu kwa kani gani, na kuna kani gani inayoisukuma ndoo mbele?
3. Kisanduku cha kilo 20 kinasukumwa sakafuni kwa nyutoni 50, velositi haibadiliki. Kani ya kusukuma ikiongezwa ghafla hadi 70, nini kinatokea?

La kwanza: nyutoni 100,000.

La pili: 200 juu, na kwenda mbele hakuna kani inayohitajika. Ndoo ilipewa mwendo wake alipoanza hatua ya kwanza, na hewa kwenye mwendo huo ni kidogo mno. Wengi wanaoanguka hapa ni wale walioruka hatua ya 2, kwa hiyo ukikosea, rudi mezani na unga wako.

La tatu: msuguano ni 50, kani tokeo sasa ni 20 mbele, mchapuko ni mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Kisanduku hakirukii kasi mpya na kutulia hapo. Kinaendelea kuongeza kasi sekunde baada ya sekunde, mpaka anayesukuma ashindwe kukikimbilia au apunguze mkono arudi kwenye 50. Akirudi kwenye 50, kitaendelea na kasi yoyote kilichokuwa nayo wakati huo.